Ghala liko Kizota, ufunguo uko juu

Sheria inautaka kila mtaa uwe na kamati ya usimamizi wa maafa. Kinachokosekana ni fungu, vifaa na mamlaka ya kuamua mapema, mvua zikiwa bado mbali.

Ukitoka katikati ya Jiji la Dodoma kwa barabara ya Singida, hufiki mbali kabla ya kuingia Kizota. Hapa ndipo yalipo maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanzishwa mwaka 2008 kusimamia akiba ya nafaka ya taifa. Msimu wa ununuzi ukifika malori hupanga foleni, mahindi hupimwa unyevu, magunia hupandishwa juu ya magunia. Mvua zikikataa Bahi, Chamwino au Chemba, sehemu ya dawa ya njaa itakayofuata imelala humu.

Lakini dawa hiyo haitoki kwa kugonga mlango. Kaya ikiishiwa chakula, taarifa huanza kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji au mtaa, ikaenda kata, ikapanda halmashauri, ikapita kwa mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, hadi Ofisi ya Waziri Mkuu. Huko wataalamu wa MUCHALI, yaani Mfumo wa Uchambuzi wa Uhakika wa Chakula na Lishe, hufanya tathmini kujua ni kaya ngapi, zinahitaji tani ngapi, kwa muda gani. Kibali kikitoka, ghala linapewa amri ya kutoa. Kila hatua ina sababu yake, maana nafaka ya umma isipolindwa huishia sokoni. Hata hivyo njia hiyo ni ndefu vilevile kwa mkazi wa kijiji cha mbali kule Chemba na kwa mkazi wa Kizota ambaye ukuta wa nyumba yake unatazamana na ukuta wa ghala.

Njaa huja polepole, hivyo safari hiyo ya karatasi inavumilika. Mafuriko ya usiku mmoja, moto wa lori la mafuta, au ukuta ulioangukia watoto havisubiri kibali. Katika saa ya kwanza hakuna mkuu wa wilaya, hakuna zimamoto, hakuna jeshi. Kuna jirani. Nchi yetu imelitambua hilo kisheria na imempa jirani huyo kamati. Haijampa fungu.

Sheria inasema nini

Tanzania ilitunga sheria yake ya kwanza mahususi ya maafa mwaka 1990, Sheria Namba 9 ya Uratibu wa Misaada ya Maafa. Jina lake linaeleza fikra ya wakati ule: maafa hutokea, kisha serikali huratibu misaada. Mwaka 2015 ikaja Sheria Namba 7 ya Usimamizi wa Maafa, iliyoanza kusisitiza kuzuia na kujiandaa. Sasa inayotumika ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022, inayopanga kamati kuanzia taifa hadi mkoa, wilaya, kata, na mwisho kijiji au mtaa. Juu yake kuna Idara ya Menejimenti ya Maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na kituo cha operesheni na mawasiliano ya dharura kilichopo hapa hapa Dodoma.

Kwenye karatasi ngazi hiyo imekamilika. Shida iko kwenye kipandio cha chini kabisa, na shida hiyo ni kubwa zaidi mjini kuliko kijijini.

Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ziliwatenga watu wa vijijini na wa mijini katika mafungu mawili. Kijiji kina halmashauri yenye hadhi kisheria: inaweza kushtaki na kushtakiwa, kumiliki mali, kufungua akaunti, na kutunga sheria ndogo ambazo halmashauri ya wilaya ikizipitisha zinamfunga kila mkazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikakiongezea usimamizi wa ardhi. Mtaa hauna hayo. Una mkutano mkuu, una kamati, una mwenyekiti anayechaguliwa, mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, na una mtendaji aliyeajiriwa na jiji. Kazi ya kamati ya mtaa ni kutekeleza sera za halmashauri, kushauri, kutunza kumbukumbu za wakazi na kuangalia usalama. Haitungi sheria ndogo. Haigawi ardhi. Haina bajeti inayoweza kuiita yake.

Kwa hiyo kijiji cha pembezoni kinaweza kuamua leo kwamba hakuna kulima wala kuchimba mchanga kwenye kingo za korongo lake, na, wilaya ikiridhia, kumtoza faini atakayekaidi. Mtaa wa jijini, wenye watu mara kadhaa zaidi na korongo lililozibwa na misingi ya nyumba, unaweza kuandika barua. Mji ukikua na kijiji kikageuzwa mtaa, wakazi hupata lami na taa za barabarani, lakini huachia meno waliyokuwa nayo.

Na Dodoma inakua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la sasa la jiji, na ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili serikali ilihamia kweli, baada ya tangazo la 1973 la kuhamishia makao makuu hapa kukaa kwenye makabrasha kwa zaidi ya miaka 40. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyokuwa na kauli ya mwisho juu ya viwanja vya mji tangu 1973, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikaingia halmashauri. Mwaka uliofuata Dodoma ikawa jiji. Ardhi ilibadilisha mshika kalamu, lakini kalamu haikuwahi kufika mtaani.

Hatari zinazopita mlangoni

Mgeni akisikia Dodoma hufikiria ukame, na hakosei. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili, msimu mmoja tu. Ila mvua hiyo huja kwa mafungu. Siku chache za ngurumo zinaweza kuleta sehemu kubwa ya maji ya mwezi, juu ya ardhi iliyokauka miezi saba, yenye majani haba, chini ya vilima vya mawe visivyonyonya tone. Korongo lililokuwa njia ya mbuzi saa nane mchana linaweza kuwa mto saa kumi. Upande wa magharibi wa jiji, Kizota na jirani yake Nkuhungu, ardhi ni tambarare, na maji yakishafika hayana haraka ya kuondoka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa taarifa zake kwa daraja tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, pamoja na maelezo ya athari zinazoweza kutokea. Msemo wa "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji" umezoeleka hata kwa asiyefuatilia utabiri. Lakini taarifa inayotaja mkoa mzima haimwambii mama wa nyumba ya tatu kutoka kwenye mfereji kama aamshe watoto. Tafsiri hiyo, kutoka mkoa hadi mlango, ni mtu wa mtaani tu anayeweza kuifanya, kwa kuwa anajua mvua ya masaa mangapi hujaza kalvati gani.

Maji si hatari pekee. Barabara ya Singida inayokata Kizota ndiyo inayobeba shehena za Mwanza, Rwanda, Burundi na Kongo, yakiwemo malori ya mafuta usiku na mchana. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100. Mkasa ule hutajwa kama somo la tamaa, na somo hilo huishia kwenye lawama. Msomaji wa Kizota ajiulize jambo lingine: lori likianguka kesho mbele ya kijiwe cha bodaboda, nani ana jukumu la kufunga njia kwa kamba, nani atapiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji, nani atawazuia vijana? Kama jibu halijapangwa kabla, halitapatikana pale.

Reli nayo ina kumbukumbu zake. Juni 24, 2002, treni ya abiria iliyokuwa na zaidi ya watu 1,200 ilishindwa kupanda kilima kati ya stesheni za Msagali na Igandu, mkoani humu, ikarudi nyuma kwa kasi na kuivaa treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mafuriko ya mito ya Mkondoa na Kinyasungwe yalibomoa njia hiyo hiyo kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za bara zikasimama kwa miezi.

Na kuna afa lisilo na kishindo. Mwaka 2016 watu 68 wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi waliyoyavuna na kuyahifadhi wenyewe. Watu 20 walifariki. Ghala la taifa hukataa mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na lina vipimo vya kufanyia hivyo. Jikoni hakuna kipimo. Afa lile lilianza kwenye kiroba cha chini ya kitanda, na lingeweza kuzuiwa hapo hapo tu: kwa turubai la kuanikia, kwa kutenga punje zilizooza, na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua kwamba macho ya njano ya watu wawili wa nyumba moja si jambo la kusubiri.

Ugogo ulikuwa na kinga yake

Tusidhani kwamba kujikinga ni elimu iliyoletwa na warsha. Wagogo, wenyeji wa nchi hii kame ya Dodoma, walijenga kinga zao kwa karne nyingi. Mfugaji wa Kigogo hakuweka ng'ombe wote zizini kwake. Aliwatawanya kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame wa huku au ugonjwa wa kule usimmalize. Mtama na uwele vilitangulia mahindi kwa sababu huvumilia. Mlenda ulikaushwa ukawekwa. Hali ikizidi, watu walikwenda kuhemea, wakibadilisha mifugo kwa nafaka kwa jirani aliyebahatika mvua. Madaraka nayo yalitawanyika: kila eneo dogo lilikuwa na mtemi wake, mwenye dhamana ya ardhi na mvua ya hapo.

Kinga hiyo ilivunjika vibaya zaidi pale dola ilipoikamua. Njaa ya Mtunya, ya 1917 hadi 1920, haikuletwa na jua peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipita Ugogo, na majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zilipokataa, zizi la ndugu wa mbali lilikuwa tupu kama la karibu. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, karibu mmoja katika kila Wagogo watano. Ukame ulikuwepo kabla ya hapo na ulikuja tena baadaye. Kilichouzidishia makali safari ile ni kwamba akiba ya watu iliondolewa mikononi mwao na watu wasiokuwa wa kufa nao njaa.

Serikali ya uhuru ilikuja na nia tofauti kabisa, lakini tabia ya kuamua kutoka juu ilibaki. Operesheni Dodoma ya 1971, iliyofuata miaka ya ukame, iliwakusanya watu kutoka makazi yaliyotawanyika hadi vijiji vya ujamaa ili huduma ziwafikie. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Jina lilisikika vizuri, ila ndani yake mabaraza ya madiwani yalifutwa na watumishi wa serikali kuu wakashika usukani mikoani na wilayani. Halmashauri zilirudi kwa sheria za 1982, na sera ya kupeleka madaraka kwa wananchi ikaandikwa 1998. Yaani ugatuaji umekuwa ukihubiriwa kwa zaidi ya nusu karne, na kila awamu imeacha fedha ngazi mbili au tatu juu ya mwananchi.

Matokeo ya njia mbili, ya kuamua kutoka juu na ya kumwachia mwananchi, yanaonekana kwenye udongo wenyewe. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, ulipoona makorongo ya Kondoa yanazidi, uliondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika mwaka 1979. Majani yalirudi, hilo halikanushiki. Lakini wafugaji walilipa gharama ya uamuzi ambao hawakuufanya, na ulinzi wa eneo ukawa kazi ya askari. Tangu 2018 shirika la LEAD Foundation limekuwa likieneza katika mkoa huu njia ya Kisiki Hai: mkulima huchagua machipukizi ya visiki vilivyomo shambani mwake, huyapogolea, huyawekea alama, huyatunza mpaka yawe miti. Hakuna kitalu wala gari la miche. Mti ni wa mwenye shamba, kwa hiyo mlinzi yupo tayari. Na shamba lenye miti hupunguza kasi ya maji yanayokuja kutusumbua huku bondeni.

Daftari la msiba

Kizota ya leo haina zizi la ndugu wa mbali, ila ina vyombo vyake. Vikubwa zaidi havimo kwenye sheria yoyote ya maafa: ni vikundi vya kufa na kuzikana. Kikundi cha namna hiyo kina maturubai, viti, masufuria makubwa na mapipa ya maji. Kina mweka hazina na daftari la wanachama. Kina watu wanaojua kuamshwa saa nane usiku na kugawana kazi bila kikao: huyu atafute gari, huyu aende kwa wazazi, yule awashe moto. Vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, navyo hutenga mfuko wa jamii kwa ajili ya wanachama wanaopata shida ghafla. Ongeza hapo mama lishe wanaoweza kulisha watu 100 kwa taarifa ya saa moja, na vijana wa bodaboda wanaojua kivuko gani kinapitika na kipi kimejaa.

Huo ni uwezo wa kukabili maafa, na umeshalipiwa na wananchi wenyewe. Hata hivyo kamati ya maafa ikiundwa kwa kufuata mwongozo, mara nyingi huundwa kwa vyeo: mwenyekiti, mtendaji, mwakilishi wa hiki na kile. Mwenye turubai hayumo. Kamati yenye akili ingeanza na daftari la msiba, ikauliza nani ana nini na anapatikana vipi usiku, kisha ikakaribisha vyeo.

Uwezo huo una pengo. Daftari la msiba linawajua wanachama, na Kizota imejaa watu wasio wanachama: watumishi waliohamishwa na serikali, vibarua wa viwandani, wanafunzi, wapangaji wa chumba kimoja waliofika mwezi uliopita. Orodha ya walioathirika ikiandikwa kwa nyumba, jina linaloandikwa ni la mwenye nyumba, na mpangaji aliyepoteza kitanda, jiko na vyeti vyake hupotea na yeye kwenye hesabu. Mlemavu au mzee asiyeweza kutoka mwenyewe naye hajulikani mpaka maji yameingia, kama hakuna aliyemwandika kabla.

Kilichoonekana Katesh

Jumapili ya Desemba 3, 2023, asubuhi na mapema, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Ni mkoa wa Manyara, jirani zetu wa kaskazini, na maporomoko yale yanaonyesha mipaka ya hoja hii pia.

Kuwafukua watu chini ya tope la kina kile, kufungua barabara, kulaza mamia kambini, kupima kama mlima utashuka tena na kujenga makazi mapya ni kazi za taifa. Jeshi lilihitajika, wataalamu wa miamba walihitajika, hazina ilihitajika, na vyote vilifika. Hakuna kamati ya mtaa inayobeba hayo, na anayedai kwamba ugatuaji ni serikali kuu kunawa mikono anawadanganya watu. Lakini walioanza kuvuta wenzao kwenye tope walikuwa wakazi, kwa mikono. Ngazi zote zilikuwa na kazi. Tofauti yao ni saa ya kufika. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hiyo haimaanishi fimbo ndefu itupwe.

Hesabu ya taifa ya msimu ule inakazia jambo hilo. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge jijini hapa kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155, kujeruhi 236 na kuathiri zaidi ya watu 200,000 katika kaya zaidi ya 51,000. Vifo vya aina hiyo hutawanyika: wawili hapa, watatu pale, mtoto aliyevuka korongo akitoka shule. Helikopta haiwezi kuwa kwenye kila korongo.

Ukaribu una ubaya wake

Wapo wanaosita kupeleka fedha chini, na wana hoja. Mwenyekiti wa mtaa anawajua watu wake, na kwa sababu hiyo hiyo anajua nani alimpigia kura. Fungu dogo likikaa kwenye droo ya mtu mmoja huyeyuka. Koleo za umma huonekana kwenye jengo la binafsi. Msaada unaopitia mkono wa karibu unaweza kupendelea kwa urahisi kuliko unaotoka mbali.

Jibu tunalo nyumbani. Mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, wa kunusuru kaya maskini umewatumia wananchi, kwenye mikutano ya hadhara, kutaja na kuhakiki kaya zinazostahili. Malalamiko hayajakosekana, lakini msingi umekubalika: jina linasomwa mbele ya watu, na anayepinga anasimama. Orodha ya maafa ingesomwa vivyo hivyo, ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa pamoja na matumizi ya kila shilingi. Mwizi wa mtaani huonekana upesi kuliko wa ghorofani.

Wenzetu wameliandika kwenye sheria. Kenya, kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, iliruhusu kila kaunti kuwa na mfuko wa dharura, kwa ukomo wa asilimia mbili ya mapato ya mwaka uliotangulia. Ufilipino, nchi inayopigwa na vimbunga kila mwaka, ilikwenda chini zaidi. Sheria yake ya 2010 inazitaka serikali za mitaa kutenga angalau asilimia tano ya mapato kwa kupunguza na kukabili maafa, na asilimia 30 ya fungu hilo ikae tayari kwa dharura. Wajibu huo unashuka hadi barangay, ngazi inayolingana na mtaa wetu. Barangay haimwombi mtu kamba.

Hata sisi tumewahi kuamuru fedha zishuke. Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kilichowezekana kwa mikopo hakishindikani kwa kamba, koleo na viroba vya mchanga.

Kabla ya Novemba

Kwa mtaa wa Kizota hitaji la kwanza ni dogo kiasi cha kuaibisha: kamba ndefu, koleo na sururu, buti za mvua, tochi, machela mbili, kipaza sauti cha mkononi, viroba vya kujaza mchanga, na kabati lenye funguo mbili kwa watu wawili tofauti. La pili ni karatasi moja kubwa, iliyochorwa na wakazi wenyewe, inayoonyesha njia za maji, nyumba za wazee na wagonjwa, mahali pa kukimbilia kama shule, kanisa na msikiti, na namba za simu za wanaojibu usiku. La tatu ni msaragambo wa kuzibua mifereji mwezi wa Oktoba, kazi isiyohitaji mfadhili.

Mambo hayo matatu mtaa unaweza kuyaanza wenyewe. Mawili yanayobaki yako mikononi mwa wakubwa. Jiji liweke kwenye bajeti kifungu cha maafa kinachoshuka hadi mtaa, kwa kiwango kinachojulikana, bila kusubiri tukio. Na mtaa upewe haki ya kuzuia: hakuna kibali cha ujenzi kitolewe kwenye njia ya maji kabla ya kamati ya mtaa kuulizwa kwa maandishi, na ikikataa, anayeipuuza aandike sababu na kutia saini yake. Siku nyumba ile itakapozama, tujue saini ni ya nani.

Madiwani hupitisha bajeti kabla ya Julai, mvua huanza Novemba. Mkazi wa Kizota anayehudhuria mkutano wa mtaa ana swali moja la kumuuliza diwani wake, na alitake jibu la tarakimu: mwaka huu, kwa ajili ya maafa, mtaa wetu umetengewa shilingi ngapi? Jibu likiwa sifuri, aulize pia ni nani aliyeamua hivyo, na aombe liandikwe kwenye muhtasari.